Futari ya Mkomamanga

Kila alfajiri, akishaswali, Semeni binti Mwinshehe alitoka nje na kopo la maji aliyoyabakiza kwenye udhu, akayamwaga taratibu shinani mwa mkomamanga wake, kisha akauuliza mti kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa: "Haya, leo je?"

Leo wala jana, jamani, hakuna kitu. Majani tu. Na majani yenyewe ukiyaona utatamani kuyapika, ya kijani, yanang'aa, yamejaa kutoka chini hadi juu. Mti ulikuwa umenona hasa. Watu wa Bigwa waliokuwa wakipita barabarani kwenda kwenye bustani zao za mchicha walikuwa wakisimama kwenye uzio wa michongoma na kuusifia. Lakini ua, hata moja la kusingizia, halikuwahi kutoka, na huo ulikuwa mwaka wa nne.

Usije ukadhani Semeni alikuwa na uroho wa makomamanga. Makomamanga yanauzwa mjini, angetuma bodaboda akaletewa. Shida yake ilikuwa neno moja alilolitamka mdogo wake, Shakila, siku moja mbaya, na tangu siku hiyo hawajakaa mkeka mmoja.

Ilikuwa hivi. Mama yao alifariki akawaachia nyumba ya Mji Mpya, nyumba ya zamani ya udongo na bati iliyokuwa imepasuka kuta kwa mvua za miaka mingi. Wao wawili tu ndio watoto. Semeni mkubwa, fundi cherehani, ameolewa Bigwa na kufiwa na mume hapo hapo Bigwa. Shakila mdogo, ameolewa Dakawa kwenye mashamba ya mpunga. Akajitokeza mtu anaitaka nyumba upesi. Semeni akampigia mdogo wake simu mara mbili, haikupokelewa, ulikuwa msimu wa kupandikiza na Shakila alikuwa shambani na matope hadi magotini. Semeni akasema moyoni, mimi ndiye mkubwa, nitamweleza akija. Akauza. Haki ya Shakila alimpa yote, hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuwa kwenye mti.

Maana nyuma ya ile nyumba palikuwa na mkomamanga. Baba yao, fundi viatu Mwinshehe, aliuleta ukiwa kijiti kutoka Bagamoyo siku alipomwoa mama yao, Theresia wa Matombo, msichana wa Kikatoliki aliyesilimu akaitwa Shadia. Ule mti ulikuwa mkubwa kuliko Semeni kwa miezi michache tu. Wao walikua pamoja nao. Shakila alikuja na jembe na gunia lake, akitaka kuchukua chipukizi aende nalo Dakawa, akakuta mnunuzi ameshaukata. Matawi yamerundikwa kando ya barabara, maua mekundu bado yamo.

"Dada," Shakila alisema, na sauti haikupanda hata kidogo, ndiyo iliyomtisha Semeni. "Mti wa Mama umeuuza pamoja na matofali?"

Semeni, ambaye mdomo wake siku zote ulikuwa unamtangulia, akajibu: "Mti ni mti, Shakila. Ungepokea simu."

Shakila akakunja gunia lake. "Basi. Kwako mimi sikanyagi. Sikanyagi mpaka siku mkomamanga wa Mama uzae tena."

Akaenda zake. Na Shakila si mtu wa kusema neno akalisahau. Sikukuu za Idd alituma watoto, yeye hakuja. Walikutana kwenye misiba. "Shikamoo dada." "Marahaba mdogo wangu." Kisha kila mtu na jamvi lake.

Mwezi mmoja baada ya ugomvi Semeni alirudi Mji Mpya, akambembeleza mnunuzi mpaka aibu ikamwisha. Kwenye kisiki palikuwa pametoka chipukizi la urefu wa shibiri. Alilichimba kwa kijiko cha jikoni kwa kuogopa kukata mizizi, akalifunga kwenye gunia bichi, akalipakata hadi Bigwa. Alilipanda karibu na uzio, pale linapoonekana kutoka barabarani. Hakumwambia mtu sababu. Alikuwa na miaka sitini na moja, presha inapanda na kushuka itakavyo, na alikuwa anamtamani mdogo wake. Hayo tu. Alikuwa anaogopa kufa wakiwa bado wanaamkiana misibani.

Sasa, kama kuna mti uliowahi kulelewa duniani, ni ule. Semeni aliupa mbolea ya kuku kila mwezi. Kila Ijumaa alichukua mkasi wake wa kazi na kupunguza ncha zilizochomoza, kama anavyokata nyuzi kwenye sare za shule, maana hakuweza kuvumilia kitu chenye ncha zinazoning'inia. Na maji ya udhu kila alfajiri, kwa sababu ndivyo alivyokumbuka. Mama, kanga kichwani, kopo mkononi, umande bado uko kwenye majani, anaumwagia mti huku midomo yake inacheza kwa dua. Akifumba macho Semeni aliisikia hata ile harufu ya udongo uliolowa.

Mzee Amosi, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na ile kazi haikumtoka. Mti wa mtu ukiumwa, yeye halali usingizi. Mwaka wa pili alikuja akautazama, akamcheka Semeni, ambaye majirani walimwita Mama Rehani.

"Mama Rehani, huyu bado mtoto. Unamdai mjukuu mtoto wa miaka miwili? Subiri."

Akasubiri. Mwaka wa tatu Mzee Amosi akaja na panga.

"Kivuli," alisema, akionyesha mparachichi uliokuwa umeuinamia. "Komamanga ni mti wa jua kali. Wewe umeuwekea mwavuli."

Wakakata matawi ya mparachichi. Alipokuwa anafuta jasho macho yake yakaangukia beseni lililokuwa kando ya shina. "Na hii?"

"Mbolea ya kuku. Naupa kila mwezi upate nguvu."

"Yarabi! Nguvu unazo mpaka zinamwagika! Unapeleka zote kwenye majani. Kwa nini uhangaike kuzaa wakati unakula bure?" Kisha akaona mkasi unaning'inia kwenye msumari, akaona ncha za matawi zilivyokatwa sawasawa, akashika kiuno. "Usiniambie unaunyoa."

"Naupunguza tu. Usiwe na nywele timutimu."

"Mama Rehani! Maua yanatokea hapo hapo kwenye ncha! Kila Ijumaa unayakata kabla hayajazaliwa!"

Semeni aliona aibu, akaingia ndani akauficha mkasi sandukuni kama silaha ya mauaji. Mbolea akaiacha. Jua likaingia. Akasubiri mwaka mzima kwa adabu, akijua sasa amejua. Na mwaka wa nne, ninavyokuambia, majani tu.

Mwezi wa tano mwishoni, masika yakimalizia matone ya mwisho na ukungu umeanza kupanda juu ya Uluguru asubuhi, Mzee Amosi alikuja tena. Safari hii hakucheka. Alikaa kwenye kigoda akautazama mti muda mrefu.

"Umri unao," alisema. "Jua unalo. Mbolea umeacha, mkasi umeacha. Nieleze, mama yako alikuwa anaufanyaje ule wa kwake?"

"Alikuwa anaumwagilia kila alfajiri. Kama mimi."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Una uhakika? Mwezi wa sita pia? Wa saba?"

Semeni akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, akakwama kwenye wa sita.

Maana mwezi wa sita na wa saba yeye hakuwa Mji Mpya. Alikuwa Matombo. Kwa Waluguru ardhi inapita kwa mama, na Bibi Cecilia, mama wa mama yao, hakujali kwamba binti yake ameolewa mjini na kubadili dini. Mjukuu wa kwanza wa kike lazima aijue mipaka ya ukoo, basi. Likizo ya mwezi wa sita ikifika, Semeni anafungiwa nguo zake kwenye kitambaa na kupandishwa mlimani. Na Bibi hakuwa anamrudisha mpaka ajisikie. Mwalimu mkuu alichoka kuandika barua. Kila siku walipita mashambani, Bibi mbele na fimbo, Semeni nyuma, wakigusa masale yaliyopandwa kwenye mipaka. "Hili la nani? Na ng'ambo ya mto?" Akikosea anarudishwa mwanzo. Jioni wanakula ndizi za kuchoma, kengele ya misheni inalia, Bibi anapiga ishara ya msalaba na Semeni anakaa kimya akimheshimu. Hata leo, mpeleke Matombo umfunge macho, atakuonyesha mpaka kwa kukanyaga.

Aliporudi mjini, na mkungu wa ndizi kichwani, mkomamanga ulikuwa umeshachanua. Kila mwaka. Mwekundu tangu chini hadi juu, na nyuki wamejaa. Hilo ndilo alilolikumbuka, na la maji ya alfajiri. Katikati hapo hapakuwa na kitu. Na alipokua akaolewa, Mama hakuwahi kumweleza. Watu wale hawakuwa wanaeleza, walikuwa wanafanya, na wewe uliyepo unaona.

"Basi nani alikuwepo?" aliuliza Mzee Amosi.

Semeni aliutazama mti. "Mdogo wangu," alisema.

Ilimchukua wiki mbili kuvaa viatu. Kila asubuhi alikuwa anakwenda, kila adhuhuri ana sababu. Mara sare za wateja, mara presha, mara mvua ambayo haikunyesha. Ukweli ni kwamba mkubwa kwenda kumwomba mdogo ni kitu kigumu kumeza, na Semeni alikuwa na koo jembamba kwa mambo hayo. Katikati ya mwezi wa sita akakata shauri, akaenda Dakawa.

Alimkuta Shakila nje ya nyumba yake, anageuza mpunga kwenye turubai kwa miguu, anaburuta nyayo mstari kwa mstari kama alivyokuwa akifanya Mama na mtama. Shakila akainua uso, akasimama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujambo mdogo wangu?"

"Sijambo. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kuna nini?"

Semeni alikuwa ametayarisha maneno mazuri. Yote yakatoroka. "Nimekuja kuuliza habari ya mkomamanga."

Shakila akaendelea kuburuta miguu. "Watoto waliniambia umepanda mkomamanga. Nikasema kanunua kitaluni ajifurahishe."

"Sikununua. Nilichimba pale pale. Kwenye kisiki cha Mama."

Miguu ya Shakila ikasimama. Akabaki hivyo, kidole gumba kimezama kwenye mpunga. Kisha akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka kivulini. "Kaa," alisema. Yeye mwenyewe akakaa kwenye ukingo wa turubai.

Semeni akaeleza yote, mbolea, mkasi, kivuli, maji ya udhu. Alipofika kwenye maji, Shakila akaanza kucheka. Si kicheko kizuri sana, lakini kilikuwa kicheko.

"Kila siku? Hata kiangazi?"

"Kila siku. Bigwa maji hayakatiki, yanatoka mlimani."

"Maskini mti wa watu. Dada, Mama alikuwa anaufungisha."

"Anaufungisha vipi?"

"Kufunga! Kama Ramadhani! Masika yakiisha tu, anasema, kuanzia leo mti umefunga, atakayeumwagia namchapa. Maji ya vyombo tunayapeleka kwenye migomba. Udhu anakwenda kutawadhia mbele ya nyumba, makusudi. Wiki saba, nane. Majani yanakuwa ya njano, yanaanguka. Mimi nina miaka saba, nimebaki peke yangu, wewe uko Matombo unafundishwa mashamba. Mti ndio mwenzangu wa kucheza, na Mama anauua kwa kiu mbele ya macho yangu. Nililia, dada. Siku moja niliiba kikombe cha maji, Mama akanidaka mkono. Unajua aliniambia nini? Ukiunywesha leo, wakati wa makomamanga tutakula majani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya Semeni, miaka minne, anakula majani.

"Halafu siku moja anapinda kijiti hivi," Shakila akapinda kidole hewani, "anasikiliza. Anasema, magharibi imeingia. Ananipa mimi ndoo. Ananiambia, wewe ndiye uliyefunga nao, wewe ndiye utakayeufuturisha. Namwaga ndoo moja tu. Baada ya wiki chache, maua." Aliokota punje ya mpunga akaivunja kwa meno, akaitema. "Ndipo unafika wewe na mkungu wako wa ndizi. Unasema, he, umechanua! Kila mwaka, he, umechanua! Ulikuwa unadhani unachanua wenyewe."

"Nilipelekwa, Shakila. Sikuomba."

"Najua hukuomba. Sikulaumu kwa hilo. Lakini wewe siku zote ulikuwa unakuta maua."

Kuku mmoja akaja kwenye turubai, Shakila akamfukuza kwa kanga. Semeni aliliona vizuri sasa: lile gunia na lile jembe la Mji Mpya hayakuwa ya mti tu. Matunda ya mti ule Mama aliwapa wote wawili, lakini kazi ya kuulilia alimpa mmoja.

"Nitajuaje siku ya kuufuturisha?" aliuliza mwisho.

"Siwezi kukueleza kwa mdomo. Lazima mkono upinde kijiti. Ukiwahi, mti hauchanui. Ukichelewa, unakufa."

"Basi njoo uupinde."

Shakila akainuka, akarudi kwenye mpunga wake. "Nilishasema neno langu, dada. Nilisema mpaka uzae."

Ndugu yangu, kuunyima maji mti unaoupenda si mchezo. Semeni alianza kutawadhia mbele ya nyumba kama Mama. Mchana alipitisha ndoo mbali, akigeuza uso. Mwezi wa saba majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Wapita njia waliokuwa wakiusifia sasa walimpa pole. Mama mmoja wa mchicha akauliza kama kuna mtu kamwekea dawa mtini. Mzee Amosi alikuja, akatikisa kichwa, akasema yeye kwenye vitabu amesoma mambo kama hayo lakini ya miti mikubwa, huu ni mdogo, mizizi haijaenda mbali, awe mwangalifu.

Asubuhi moja Semeni alijikuta amesimama mbele ya mti na kopo mkononi. Hakujua ametokaje nalo ndani. Majani yalikuwa yametapakaa chini, matawi mengine uchi kabisa, na akakumbuka yale matawi yaliyorundikwa barabarani Mji Mpya. Mara moja nimeuua kwa haraka, aliwaza, sasa nauua kwa subira. Machozi yakamtoka. Akayamwaga maji ya kopo kwenye mpapai, akaingia ndani kutafuta simu.

"Unakufa," alisema. Hata salamu hakukumbuka.

"Yameanguka kiasi gani?" aliuliza Shakila.

"Nusu. Zaidi ya nusu."

"Usiumwagie," alisema Shakila, akakata.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, bajaji ikasimama nje ya uzio. Akashuka Shakila, baibui lake jeusi, kapu la mchele mkononi. Semeni akakimbia kufungua geti.

"Karibu! Karibu ndani!"

"Shikamoo dada. Nakaa hapa hapa." Shakila akaliweka kapu chini ya michongoma, barabarani. "Nilisema sikanyagi, na sikanyagi. Kuangalia sikujikataza."

Akapitisha mkono juu ya uzio, miiba ikamkwaruza hadi kwenye kiwiko, akashika kijiti. Akakipinda polepole, kichwa ameinamisha.

"Bado," alisema Shakila.

Unafanyaje na mgeni kama huyo? Semeni alimtolea kigoda barabarani. Akampikia wali na mchicha wa nazi, akamtolea sahani barabarani. Bigwa nzima ikaona mdogo mtu anakula nje ya geti la dada yake kama mlinzi. Semeni alitamani ardhi ipasuke, na Shakila alikula bila haraka, akaomba na maji ya kunawa.

Ijumaa ya pili akaja tena. "Bado." Kigoda, sahani, barabarani. Mzee Amosi alikuwa anawatazama kutoka kibarazani kwake, uvumilivu ukamshinda. Akavuka na kigoda chake mwenyewe, akakitua vumbini karibu na Shakila.

"Mama Rehani," aliita, "kama yeye haingii, wewe miguu yako imefungwa? Toka!"

Hilo, msinicheke, Semeni hakuwahi kulifikiria. Alisimama ndani ya geti lake kitambo, mkubwa na heshima yake, kisha akatoka na sahani yake mkononi. Wakala pamoja, mara ya kwanza kwa miaka minne, mgongo kwenye michongoma, pikipiki zinawapita na vumbi linaingia kwenye wali.

Wakaongea. Waliongea mpaka alasiri. Walikumbushana jinsi Mama alivyokuwa akipasua komamanga la kwanza kila mwaka: hatumii kisu, analikandamiza kwa viganja mpaka linalia, ka, kisha anagawa nusu kwa nusu na kuwaacha wahesabu punje, na anayezidiwa analia. Walikumbuka kanga yake ya madoa, ile aliyoivaa siku ya komamanga tu. Walikumbuka maganda yaliyokaushwa juu ya bati, na majirani wote wa Mji Mpya walivyokuwa wakija kuyaomba tumbo likiwasumbua, na chai ile chungu ambayo Mama aliwanywesha hata wakiwa wazima. Shakila akaiga sauti ya Mama: "Kunywa, komamanga halina hasara!" Semeni alicheka mpaka akashika mbavu. Ijumaa ya tatu walisahau hata kukipinda kijiti mpaka bajaji ilipokuja kumchukua Shakila, akarudi mbio.

"Bado. Lakini karibu."

Ijumaa ya nne, katikati ya mwezi wa nane, Shakila alipinda kijiti. Akapinda kingine. Akakiweka sikioni.

"Magharibi imeingia," alisema.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka. Semeni alikimbia bombani, akajaza ndoo mpaka ukingoni, akaileta huku maji yanamlowesha kanga. Akaiweka shinani. Akashika kopo, akainama. Kisha akainua uso. Shakila alikuwa amesimama barabarani, vidole vyote kumi vimeshika michongoma kana kwamba haina miiba, anaitazama ndoo.

"Mwaga," alisema Shakila. "Mwaka huu umefunga nao wewe. Ni haki yako."

Semeni alilitua kopo ndani ya ndoo.

"Haki yangu iko wapi? Mti huu niliuuza, Shakila. Niliuuza na matofali, kama ulivyosema. Na nilijua utaumia, ndiyo maana sikukupigia mara ya tatu. Nilikosa, mdogo wangu. Ndoo ni yako tangu zamani."

Akageuka akaenda zake kibarazani, akaketi, akatazama milima. Hakutaka kumtazama. Geti lilikuwa wazi. Alisikia pikipiki ikipita, akasikia kuku, na kwa muda mrefu hakusikia kitu kingine. Halafu akasikia ndala. Ndala kwenye changarawe, polepole, ndani ya geti.

Alipogeuka Shakila alikuwa amepiga magoti shinani, baibui limejaa vumbi, anamwaga maji kopo kwa kopo, na midomo yake inacheza. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Udongo ulikunywa ukilia, na ile harufu ikapanda mpaka kibarazani.

Semeni akaja akachuchumaa karibu naye. "Lakini hata ua halijatoka," alisema kwa sauti ya chini. "Ulisema mpaka uzae."

"Nyamaza, dada."

"Na usipochanua?"

"Nitajuaje? Itabidi nije kuona." Shakila akaigeuza ndoo kuhakikisha imekwisha.

Semeni akaichukua, akainuka kwa furaha, magoti yanalalamika, akaelekea bombani kujaza nyingine.

"Wewe!" Shakila alimfokea mpaka Mzee Amosi akasimama kibarazani kwake. "Moja tu! Huwezi kujizuia hata siku moja? Weka hiyo ndoo chini twende ndani, mimi nina njaa, na leo sili tena vumbi."